Kuandaa kikao cha serikali kuu na wilaya nchini Uganda: mwongozo kamili, kuanzia orodha ya hoja hadi majibu ya barua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, amemwita ofisini na kumwambia, "Waziri anakuja, shughulikia." Huenda wewe ni karani wa baraza, ofisa mipango, katibu muhtasi wa mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya), au kijana aliyeajiriwa juzi akapewa kazi kwa sababu anajua kompyuta. Cheo chako si kikubwa, ila kikao kikiharibika jina lako ndilo la kwanza kutajwa.

Vikao ninavyovizungumzia ni vile vinavyoweka serikali kuu na serikali za mitaa meza moja: ziara ya kikazi ya waziri au Katibu Mkuu wa wizara, mashauriano ya bajeti ya kikanda, majadiliano ya ruzuku, mkutano wa wilaya jirani na Ofisi ya Waziri Mkuu kuhusu wakimbizi. Mifano mingi nimeitoa Nile Magharibi, kona ya kaskazini-magharibi ya nchi, kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini mtu wa Busia au Kasese ataona mambo ni yale yale.

Niseme mapema ninachokiamini. Ofisi nyingi hutumia nguvu zao zote kwenye hema, viti, chakula na nani atashika maikrofoni, kisha orodha ya hoja inaandikwa usiku wa kuamkia mkutano. Matokeo yake waziri anasikiliza malalamiko kumi na nane, anasema "nimeyachukua", anapanda gari, basi. Kazi kubwa ya mwandaaji ni kuhakikisha kila jambo linalosemwa linamfikia mtu mwenye uwezo wa kuliamua, na katika mwezi ambao bado anaweza kuliamua. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu. Mengine nitayapitia kwa haraka.

Hatua ya 1: Panga hoja kwa kuangalia nani ana kalamu

Anza na karatasi tupu. Kusanya kila kitu ambacho viongozi wanataka kikasemwe: mwenyekiti wa wilaya ana yake, wabunge wana yao, RDC (kamishna mkazi wa wilaya) ana yake, wakuu wa idara wana yao. Usikatae kitu katika hatua hii, maana hoja iliyokataliwa mapema hurudi ukumbini kwa sauti kubwa zaidi.

Baada ya hapo, mbele ya kila hoja andika ofisi inayoweza kusema ndiyo ikawa ndiyo. Ofisi inayohusika na jambo na ofisi yenye kalamu mara nyingi ni mbili tofauti. Chukua lalamiko tunalolisikia kila mwaka: wahudumu wa afya hawatoshi. Wilaya inamwambia Waziri wa Afya, naye anakubali kwa kichwa. Lakini anayeajiri watumishi wa wilaya ni Tume ya Utumishi ya Wilaya, na tume hiyo haiwezi kutangaza nafasi bila kibali cha Wizara ya Utumishi wa Umma, na kibali hakina maana kama Wizara ya Fedha haijaweka fedha za mishahara. Hoja hiyo ukiipeleka kwa Afya peke yake, umepeleka kwa mtu anayeweza kukuunga mkono tu. Alika Utumishi wa Umma na Fedha, au uiandike hoja hivi: "Tunaomba Wizara ya Afya ituandikie barua ya kuunga mkono ombi letu la fedha za mishahara." Hilo waziri anaweza kulifanya kesho asubuhi.

Mifano mingine inayochanganya watu:

Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama ile ya Arua, ina fungu lake la bajeti na iko chini ya serikali kuu. Mwenyekiti wa wilaya hawezi kuulizwa kwa nini dawa zimeisha pale, naye hawezi kutoa ahadi juu yake. Mkurugenzi wa hospitali aalikwe ajijibie.

Barabara kuu ni za Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, hasa tangu UNRA, mamlaka ya barabara kuu, ivunjwe mwishoni mwa 2024 na kazi zake kurudi wizarani. Barabara za wilaya ni za mhandisi wa wilaya. Kabla ya mtu kusimama na kulalamika juu ya daraja lililobomoka, hakikisha daraja hilo si la wilaya yenyewe. Aibu ya waziri kukujibu, "Hiyo ni ya kwenu," haifutiki kirahisi mbele ya wananchi.

Ardhi ya wilaya iko kwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya, ambayo Katiba imeipa uhuru wake. Waziri hawezi kuiagiza impe mtu kiwanja, hata umwombe kwa unyenyekevu gani.

Mambo ya wakimbizi, yaani makazi kama Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, yanapitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini shule na zahanati ambazo wakimbizi na wenyeji wanazitumia pamoja zinagusa wizara za Elimu na Afya pia. Hapa usimwite mmoja ukamwacha mwingine.

Kuna aina moja ya hoja ambayo haifai kupelekwa na wilaya moja peke yake, nayo ni masharti ya ruzuku. Ibara ya 193 ya Katiba ya 1995 inataja ruzuku za aina tatu: zisizo na masharti, zenye masharti, na za kusawazisha. Kwa zile zenye masharti, inasema fedha ni za programu ambazo Serikali na serikali za mitaa zimekubaliana, na zitumike kwa masharti waliyokubaliana. Kwa hiyo wilaya haiji mezani kuomba sadaka. Katiba imeipa kiti. Ndiyo maana kuna majadiliano ya kila mwaka kati ya wizara za kisekta na serikali za mitaa, yanayoratibiwa na Tume ya Fedha ya Serikali za Mitaa. Wilaya zinawakilishwa na chama chao, ULGA, na miji inawakilishwa na chama cha mamlaka za miji, UAAU. Kama kilio chako ni kwamba sharti fulani la ruzuku ya elimu haliendani na hali ya vijijini, liandike vizuri, weka hesabu, ulipeleke kwa ULGA kabla ya majadiliano. Ukilisema kwenye ziara ya waziri, utaambiwa ni sera ya taifa nzima, na kweli ni sera ya taifa nzima.

Ukimaliza kupanga, hoja zitabaki tano au sita zinazomhusu mgeni wako hasa. Zilizobaki usizitupe. Ziandikie barua kwa ofisi zake, kisha mwonyeshe kila mwenye hoja nakala ya barua hiyo. Mheshimiwa diwani akiona hoja yake imekwenda Entebbe au Kampala kwa barua yenye muhuri, hatakuwa na haja ya kusimama kuirudia ukumbini.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kabla ya kuchagua tarehe

Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kila mtu anajua hilo, lakini wachache wanalitumia wanapopanga mikutano.

Kwa utaratibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa kwanza wa bajeti hutoka mnamo Septemba. Baada yake yanafuata mashauriano ya kikanda na mikutano ya bajeti ya wilaya. Kitabu cha mwelekeo wa bajeti kinafika Bungeni kufikia 31 Desemba. Bajeti yenyewe inawasilishwa kufikia 1 Aprili, na Bunge linatakiwa kuipitisha kufikia 31 Mei. Hotuba ya bajeti ya Juni, ile inayosikilizwa redioni nchi nzima, inasoma mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Sasa fikiria wilaya inayomwalika Katibu Mkuu mwezi Machi na kumwomba fedha za kujenga jengo jipya la wagonjwa. Kwa wakati huo ukomo wa bajeti umeshapangwa. Atasema "tutaangalia mwaka ujao", naye hajadanganya. Ombi hilo hilo likiletwa Septemba au Oktoba linaweza kuingia kwenye hesabu. Kwa hiyo hoja za fedha mpya zipange kati ya Septemba na katikati ya Novemba. Hoja za utekelezaji, yaani mkandarasi amekimbia, fedha za robo zimechelewa, vifaa vimeletwa pungufu, zinaweza kuletwa karibu wakati wowote.

Miezi miwili ya kuikwepa ni Juni na Julai. Mwisho wa Juni wahasibu wako mbioni kufunga hesabu, kwani fedha isiyotumika kufikia 30 Juni inarudi kwenye mfuko mkuu wa serikali. Wiki za mwanzo za Julai akaunti za wilaya huwa kavu zikisubiri fedha za robo ya kwanza. Utaandaa mkutano kwa mkopo wa mwenye hoteli, na mwenye hoteli hatasahau.

Ndani ya mwezi, tazama wiki. Baraza la Mawaziri kwa kawaida hukaa Jumatatu. Bunge kwa kawaida linakaa Jumanne hadi Alhamisi, na wabunge unaowataka wako huko. Ijumaa ndiyo siku wengi wanapatikana, lakini Ijumaa ina swala. Kwa Yumbe, ambako Waislamu ni wengi, mkutano unaopita saa sita na nusu mchana bila mapumziko ni matusi. Panga Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, umalize saa sita, watu waende msikitini, chakula kiwe baada ya swala. Usimlazimishe mtu kuchagua.

Angalia pia sikukuu: Januari 26, Februari 16, Machi 8, Juni 3 ambapo watu wamekwenda kuhiji Namugongo, Juni 9, Oktoba 9. Angalia Ramadhani. Msimu wa kampeni nao usiuguse, maana hata mkutano wa kitaalamu utageuzwa jukwaa.

Mwisho, barabara. Kampala hadi Arua ni safari ya siku nzima kwa gari, na inavuka Nile kule Karuma kisha tena Pakwach. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba, yaani katikati kabisa ya msimu wa mashauriano ya bajeti, watu walizunguka njia ndefu. Mgeni wako alale Arua usiku wa kabla ya mkutano. Ratiba inayosema waziri ataondoka Kampala alfajiri na kufungua mkutano saa nne haijawahi kuwa ratiba.

Hatua ya 3: Barua, na nani atie sahihi

Ngazi za barua ni mbili, na kuzichanganya kunaudhi watu. Mwenyekiti wa LC5, ambaye ndiye kiongozi wa kisiasa wa wilaya, anamwandikia waziri. CAO, ambaye ndiye anayewajibika kwa fedha za wilaya, anamwandikia Katibu Mkuu. Barua zote mbili ziondoke siku moja na zitaje tarehe na hoja zile zile. Katibu Mkuu asipopata yake, waziri atakuja na wasaidizi wake wa kisiasa tu, bila mtaalamu hata mmoja mwenye takwimu.

Nakala ziende kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Serikali za Mitaa, kwa RDC, na kwa wabunge wa wilaya, akiwemo mbunge mwanamke wa wilaya. Kumsahau huyo ni kosa la kawaida mno, naye ndiye mara nyingi mwenye wapiga kura wengi kuliko wote.

Kumbuka pia kwamba tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, CAO huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma huko juu, wala si wilaya. Anatii pande mbili. Kwa hiyo usimwekee CAO sahihi kwenye barua yenye maneno makali dhidi ya wizara. Kama wilaya inataka kulalamika kwa ukali, barua hiyo ni ya mwenyekiti au ya spika wa baraza.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ambatisha orodha ya hoja na rasimu ya ratiba. Baada ya siku tatu piga simu kwenye masjala ya wizara, uulize imepokelewa lini na imepelekwa kwa nani. Kisha jitambulishe kwa katibu muhtasi wa waziri, kwa heshima, umwite "mama" au "mzee" inavyostahili. Huyo ndiye anayejua kama tarehe yako imeandikwa kwenye kitabu kwa kalamu au kwa penseli.

Hatua ya 4: Karatasi ya ukurasa mmoja kwa kila hoja

Kila hoja iliyobaki iandikiwe ukurasa mmoja, na kila ukurasa uwe na mambo manne: hali ilivyo kwa takwimu, wilaya imefanya nini tayari, inaomba nini hasa, na ombi hilo linagharimu kiasi gani au linahitaji sahihi ya nani.

Sehemu ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayomshawishi mtu wa wizara. Linganisha:

"Kituo chetu cha afya cha daraja la nne hakina gari la wagonjwa. Tunaomba serikali itusaidie."

Na hii, ambayo ni mfano wa kubuni:

"Kituo cha afya cha daraja la nne kina gari moja la wagonjwa, lililosimama tangu Aprili kwa ubovu wa injini. Fundi wa wizara ya ujenzi amelikagua, ripoti imeambatishwa. Baraza limetenga mafuta na mshahara wa dereva kutoka mapato ya ndani. Tunaomba Wizara ya Afya iamue: litengenezwe au libadilishwe, na itujulishe kwa barua kabla ya kufungwa kwa makadirio ya mwaka ujao."

Ya pili inamwachia Katibu Mkuu nafasi ndogo ya kukwepa. Amepewa uamuzi wenye pande mbili na tarehe.

Takwimu zitoke kwenye nyaraka ambazo wizara nayo inazo: taarifa za robo, takwimu za idara, vitabu vya PDM, yaani mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji). Ukija na namba yako na wao wana yao, nusu saa itaisha kwa kubishana namba. Kwa PDM hasa kuwa mwangalifu. Mpango unatoa shilingi milioni 100 kwa parishi kwa mwaka, na kila mgeni kutoka Kampala anakuja akiwa na orodha yake ya parishi zilizopata na zisizopata. Linganisha orodha zenu kwa simu kabla ya siku hiyo.

Wiki moja kabla, CAO aitishe kikao cha wakuu wa idara. Kila mmoja asome ukurasa wake kwa dakika tatu, wenzake wamuulize maswali magumu ambayo wizara itauliza. Afadhali ofisa elimu aone haya mbele ya ofisa kilimo kuliko mbele ya waziri na kamera za televisheni.

Hatua ya 5: Fedha

Tengeneza bajeti ya mkutano, CAO aipitishe, kisha ununuzi ufuate utaratibu wa PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma, hata kama muda ni mfupi. Haraka haimshawishi mkaguzi.

Mambo matatu yanayoleta hoja za ukaguzi mara kwa mara: posho mara mbili, risiti, na orodha ya mahudhurio.

Ofisa wa wizara aliyelipwa posho ya safari na wizara yake asilipwe tena na wilaya. Uliza wizara mapema nani analipa nini, na upate jibu kwa maandishi. Wanaosahaulika ni madereva na walinzi. Chakula chao na mahali pao pa kukaa viwe kwenye bajeti, kwani dereva mwenye njaa ndiye anayemwambia bosi saa nane kwamba giza litawakuta njiani.

Mwenye hoteli au mpishi atoe risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Mkumbushe mapema kwamba malipo ya serikali yanayozidi shilingi milioni moja hukatwa asilimia sita ya kodi ya zuio. Asipoambiwa, siku ya malipo atadhani umemlia fedha zake.

Orodha ya mahudhurio iwe na jina, cheo, ofisi, simu na sahihi, na ikusanywe asubuhi na baada ya chakula. Watu wa mchana pekee hawakosekani kamwe.

Hatua ya 6: Itifaki, na suala la RDC na mwenyekiti

Hapa mikutano mingi huungua. Mwenyekiti wa LC5 amechaguliwa na wananchi na ndiye mwenyeji. RDC ameteuliwa na Rais, anaiwakilisha serikali kuu wilayani, anasimamia kamati ya usalama na kufuatilia utekelezaji wa shughuli za serikali. Kisheria hakuna aliye bosi wa mwenzake, na kila mmoja ana wafuasi wanaohesabu nani ameketi kuume kwa waziri. Kama wanatoka vyama tofauti, zidisha tahadhari.

Ushauri wangu: usiamue mwenyewe, wala usiache MC aamue. Siku tano kabla, CAO awakalishe wote wawili, wao peke yao, na ratiba iliyochapwa. Utaratibu ambao huku kwetu huleta amani ni huu: viongozi wa ngazi ya chini wanakaribisha kwa ufupi, CAO anawasilisha taarifa, mwenyekiti anaeleza hoja za wilaya, wabunge wanaongeza, RDC anazungumza kwa niaba ya serikali kuu na kumkaribisha mgeni rasmi. Kwenye viti, mgeni rasmi katikati, mmoja huku na mwingine kule. Wakikubali, waweke sahihi fupi pembeni mwa ratiba. Karatasi hiyo uibebe mfukoni siku ya mkutano. Atakapokuja msaidizi wa mtu kukuambia utaratibu umebadilika, mwonyeshe sahihi ya bosi wake.

Palipo na jiji na wilaya pamoja, uzito unaongezeka. Arua, Gulu, Mbale, Mbarara na wenzao walipopandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, walipata meya na karani wao wa jiji, na kamishna mkazi wao, wakati wilaya zao zimebaki na viongozi wake. Ukiitisha mkutano wa Arua bila kusema ni Arua ipi, utapata wenyeji wawili na mgeni mmoja. Barua ya kwanza iseme wazi mwenyeji ni nani, na mwingine ni mwalikwa wa heshima.

Utambulisho ni mwizi wa muda. Waheshimiwa wakiwa arobaini na kila mmoja akasimama na kusema "mimi nawasalimu sana", saa imekwisha. Chapa majina kwenye karatasi, MC asome wakuu wachache, wengine wasimame kwa makundi: madiwani, wakuu wa idara, wazee, viongozi wa dini. Nyimbo ni mbili, wa taifa na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ule wa Jumuiya ni wa Kiswahili, na wengi wanaujua ubeti wa kwanza tu, basi weka sauti iliyorekodiwa.

Akija Rais, Makamu au Waziri Mkuu, sahau nusu ya haya. Timu ya usalama inayotangulia itakupa ratiba yake na wewe utaifuata.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Sehemu hii kila mtu anaijua, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Jenereta iwe na mafuta na iwe imewashwa jana yake, si kuangaliwa tu. Maikrofoni mbili na betri za akiba. Vyoo vina maji. Sehemu ya kuegesha magari ina mtu wa polisi. Mapambo yasizidi hoja.

Chakula kiwe cha hapa. Wageni kutoka Kampala wamechoka na wali na kuku. Wape enyasa, ugali wa huku, na samaki wa angara, watakukumbuka. Nyama ichinjwe na Mwislamu, na mpishi aambiwe hivyo siku anayopewa kazi.

Gawa mkutano sehemu mbili. Sehemu ya hadhara ina hotuba, waandishi wa habari na wananchi. Sehemu ya kazi ina watu wasiozidi ishirini, meza moja, kurasa zile za hoja, na mlango umefungwa. Waziri atasema hadharani kwamba anawapenda watu wa Nile Magharibi. Kule ndani ndiko Katibu Mkuu atakakosema ukweli kuhusu fedha. Kama muda umebana, punguza hadhara. Watu wa siasa watakasirika kidogo, lakini sehemu ya kazi isiguswe.

Lugha: kumbukumbu rasmi zinaandikwa kwa Kiingereza, na maofisa wengi wanawasilisha kwa Kiingereza. Lakini wazee wa Koboko, wafanyabiashara wa mpakani na wanajeshi wanajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri lilirudia kukipigia debe mwaka 2022. Waruhusu waseme. Mtafute mkalimani mapema, mpe kurasa za hoja siku moja kabla, na umweke karibu na mwandika kumbukumbu ili tafsiri yake iandikwe. Asiwe mwanasiasa: mkalimani mwenye maslahi huongeza chumvi.

Hatua ya 8: Maazimio yaandikwe kabla watu hawajasimama

Weka waandishi wawili. Mmoja anaandika kumbukumbu za kawaida, nani alisema nini. Mwingine anajaza jedwali tu, lenye safu hizi: jambo, uamuzi, mhusika kwa cheo, fedha zinatoka wapi, tarehe ya mwisho, na kitakachoonyesha kwamba limefanyika. Yule wa pili asifanye kitu kingine siku hiyo, hata kuagizwa maji.

Dakika kumi na tano za mwisho, kabla ya hotuba ya kufunga, mwenyekiti wa kikao amwombe asome jedwali kwa sauti. Hapo ndipo ahadi zinapotafunwa upya. Mtu aliyesema "tutaleta" atasahihisha, "nilisema tutajaribu." Sawa, liandikwe hivyo. Bora kujua sasa.

Tazama tofauti ya maneno. "Wizara itaangalia suala la fedha za mishahara" halina mtu wala siku. "Kamishna wa rasilimali watu, Wizara ya Utumishi wa Umma, atajibu ombi la wilaya la kibali cha ajira kwa barua kufikia 31 Oktoba, CAO atawasilisha orodha ya nafasi zilizo wazi kufikia 10 Oktoba" lina watu wawili, siku mbili na barua mbili. Ona pia kwamba la pili limeipa wilaya kazi yake. Azimio linalobebesha Kampala peke yake halitembei, kwa sababu wa Kampala wataomba kwanza waraka ambao wilaya haijaupeleka.

Chapa jedwali hapo hapo. Katibu Mkuu au mwakilishi wake na CAO watie sahihi kabla ya magari kuwashwa.

Hatua ya 9: Wiki na miezi inayofuata

Siku ya pili baada ya mkutano, fanya marejesho ya fedha ulizochukua. Usisubiri ukumbushwe.

Ndani ya wiki moja, barua ya shukrani iende wizarani ikiwa na jedwali lililosainiwa. Nakala kwa Wizara ya Serikali za Mitaa, RDC, wabunge, na ULGA kama kuna jambo linalogusa wilaya nyingine. Mbunge mwenye jedwali la sahihi mkononi anaweza kuuliza swali Bungeni. Asiye nalo atauliza kwa hisia tu.

Kwenye kalenda ya ofisi andika kila tarehe ya jedwali, na siku kumi kabla yake mpigie simu mhusika. Jibu lolote, hata la kukataa, liingie kwenye safu ya mwisho. Karani wa baraza alipeleke jedwali mbele ya kamati husika ya baraza kila robo mwaka, liwe ajenda ya kudumu mpaka safu zote zijazwe. Madiwani wakilizoea watalidai wenyewe.

Kinachoua ufuatiliaji huku kwetu ni uhamisho. CAO anahamishwa wilaya nyingine kwa barua moja kutoka Kampala, Katibu Mkuu anabadilishwa, na mrithi anasema hajawahi kusikia. Kwa hiyo fungua faili moja la mkutano: barua za mwaliko, majibu, kurasa za hoja, ratiba yenye sahihi, mahudhurio, kumbukumbu, jedwali, barua zote za baadaye. Faili hilo litajwe kwa namba yake katika taarifa ya makabidhiano ya CAO anayeondoka, chini ya kichwa cha mambo yasiyokwisha. Nakala ya kielektroniki ikae kwenye barua pepe ya ofisi, si ya ofisa binafsi, kwa kuwa ofisa akihama anahama na nywila yake.